Charles Freer Andrews, Mzungu Aliyeitwa Rafiki wa Wanyonge

Katika kijitabu cha ukumbusho wa hekalu ni desturi kuwataja watakatifu wetu na wafadhili wetu. Safari hii naomba nafasi ya kumkumbuka mtu ambaye hakuwa Mhindu kwa dini wala Mhindi kwa nasaba, lakini wazee wetu walimpa jina la heshima la Deenabandhu, yaani rafiki wa wanyonge.

Charles Freer Andrews alizaliwa tarehe 12 Februari 1871 katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, akakulia Birmingham. Alisoma katika Chuo cha Pembroke, Cambridge, kisha akapata daraja la ukasisi katika Kanisa la Anglikana. Mwaka 1904 alifika Delhi kufundisha katika Chuo cha St Stephen's. Zama zile Mwingereza nchini India alihesabiwa mtawala hata kama hakuwa na cheo. Rangi yake ilitangulia kusema kabla yeye hajafungua kinywa. Kiti cha mkuu wa chuo kilipokuwa wazi mwaka 1906, Andrews alitaka kipewe Mhindi, Susil Kumar Rudra, naye akaridhika kufanya kazi chini yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1914, kwa kuombwa na Gopal Krishna Gokhale, alivuka bahari hadi Durban pamoja na rafiki yake, William Pearson. Wahindi wa Afrika Kusini walikuwa wakipinga kodi ya pauni 3 iliyotozwa wafanyakazi waliomaliza mikataba, pamoja na hukumu iliyokataa kuzitambua ndoa zao. Bandarini Andrews aliuliza Gandhi ni yupi, akaonyeshwa mtu mwembamba aliyevaa nguo nyeupe za kibarua. Hapo hapo akainama na kumgusa miguu. Kwetu sisi mtoto humfanyia hivyo mzazi wake kila asubuhi, wala hakuna anayeshangaa. Kwa Wazungu wa Durban ilikuwa fedheha, na magazeti yao yalimkemea. Yeye hakuona la kujutia. Akashiriki katika mazungumzo ya Gandhi na Jenerali Smuts, na akiwa katika kazi hiyo alipata habari kwamba mama yake amefariki Uingereza. Mwaka huo huo sheria mpya ilifuta ile kodi na kuzitambua ndoa.

Mwaka 1915 yeye na Pearson walisafiri hadi visiwa vya Fiji. Wahindi zaidi ya 60,000 walipelekwa huko kati ya mwaka 1879 na 1916, wengi wao kulima miwa kwa mkataba wa miaka mitano. Mwanamume aliahidiwa shilingi moja kwa siku, mwanamke peni tisa. Kwa kila wanaume 100 walipelekwa wanawake 40 tu, na kambini ndoa zilivunjika na watu wengi walijiua. Mzungu aliyeonekana kwenye kambi hizo kwa kawaida alikuwa msimamizi, na kumwona kulitia hofu. Andrews hakuweza kuivua ngozi yake. Aliloweza ni kusikiliza, kuandika aliyoyaona, na kuyapeleka mbele ya wakubwa ambao wasingempokea kibarua. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya rangi yake aliutumia kuingiza vilio vya wengine. Alirudi Fiji tena mwaka 1917, na tarehe 1 Januari 1920 mikataba yote iliyosalia ikafutwa.

Afrika Mashariki nayo ilimwona. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1919 alifika huku, wakati Wahindi wa Kenya walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura na ya kumiliki ardhi katika nyanda za juu, ambazo walowezi walizitaka ziwe zao peke yao. Katika mojawapo ya safari hizo walowezi walimvamia ndani ya treni, wakamvuta ndevu na kumpiga. Walimwona kuwa msaliti wa rangi yake. Hiyo ndiyo gharama ambayo mtu wa namna yake hulipa: ugenini hutazamwa kwa mashaka hadi matendo yake yajulikane, na kwao hukataliwa kwa sababu ya matendo hayo hayo.

Maskani yake kwa miaka mingi yalikuwa Santiniketan, shuleni kwa Rabindranath Tagore. Huko alivaa dhoti na kanzu ya pamba, hakujiwekea mali, na nguo alizopewa aghalabu zilikwisha kwa wahitaji. Hakuuacha Ukristo wake, wala hakumtaka jirani auache Uhindu wake. Alifariki Calcutta tarehe 5 Aprili 1940, akazikwa huko huko.

Sisi ambao babu zetu walivuka bahari kutoka Gujarat tunajua maana ya kutambulika kwa sura kabla ya kuulizwa jina. Hata leo, mtu akipita mbele ya hekalu letu hutuona tofauti yetu kwanza. Andrews hakuificha tofauti yake wala hakujivunia; aliiweka kazini kwa ajili ya jirani. Nasi tunaposherehekea, milango yetu na iwe wazi kwa majirani zetu wote, na mikono yetu itangulie mbele ya sura zetu.