Afya: George Papanicolaou, daktari aliyeonyesha jinsi ya kuigundua kansa ya shingo ya kizazi kabla haijaumiza

Wamama wengi wanafika hospitalini wakiwa wamechelewa. Damu imekwisha kuwatoka kwa miezi mingi nje ya siku zao, maumivu ya mgongo na ya tumbo la chini yamekuwa ya kila siku, na ndipo wanaambiwa kwamba ni kansa ya shingo ya kizazi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), wamama wapatao 660,000 waligunduliwa na ugonjwa huu duniani katika mwaka 2022, na wapatao 350,000 walikufa. Kati ya kila 100 waliokufa, 94 walikuwa katika nchi maskini na zile zenye kipato cha kati. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni moja ya nchi hizo.

Lakini kansa hii ni kati ya zile zinazozuilika kirahisi zaidi, kwa sababu inatembea polepole na inaacha alama njiani. Mtu aliyewafundisha madaktari kuziona alama hizo ni Mgiriki mmoja aliyefika Amerika bila kazi, na aliyesaidiwa na mke wake kwa namna ambayo wanaume wachache wamesaidiwa.

Mtoto wa daktari

George Papanicolaou alizaliwa tarehe 13 Mei 1883 huko Kymi, mji mdogo wa bahari katika kisiwa cha Euboea, Ugiriki. Baba yake, Nikolaos, alikuwa daktari na mwanasiasa. Kijana alipenda muziki na alijifunza kupiga violini, lakini alifuata njia ya baba. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Athens na akamaliza mwaka 1904, akiwa na miaka 21.

Baada ya kutumikia jeshi alirudi nyumbani. Baba alitumaini kwamba mwana angebaki pale na kutibu watu wa mji. George hakutaka. Swali lililomsumbua halikuwa la mgonjwa mmoja mmoja, lilikuwa la namna mwili wenyewe unavyofanya kazi. Alikwenda Ujerumani, akasoma kwa walimu wakubwa wa elimu ya viumbe, na mwaka 1910 akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika elimu ya wanyama huko Munich.

Mwaka huohuo alimuoa Andromachi Mavrogeni, ambaye watu walimuita Mary. Wawili hawa hawakupata mtoto. Maisha yao yote waliyaweka katika kazi moja.

Alifanya kazi kwa muda mfupi katika taasisi ya elimu ya bahari ya Monaco, kisha vita vya Balkan vilipoanza mwaka 1912 aliitwa jeshini kama daktari. Huko alikutana na Wagiriki waliokuwa wamerudi kutoka Amerika ili kupigania nchi yao. Habari walizompa juu ya nafasi za kazi na utafiti kule ng'ambo zilimuingia moyoni.

Vifungo vya nguo na violini

Mwezi wa Oktoba 1913 George na Mary walishuka melini mjini New York. Hawakujua Kiingereza vizuri, na mfukoni walikuwa na dola 250 hivi. Duka kubwa la Gimbels liliwapa wote wawili kazi: Mary alishona vifungo kwa dola 5 kwa juma, na mume wake akawekwa kuuza mazulia. Daktari mwenye shahada mbili alidumu katika kazi hiyo siku moja tu. Baadaye alipiga violini katika mikahawa na akafanya ukarani katika gazeti la Wagiriki wa mji huo.

Wakimbizi na wahamiaji wetu walio ng'ambo wanayajua maisha ya namna hii: mtu anafika na elimu yake, na nchi mpya inamuona kama mikono mitupu. Papanicolaou hakukaa sana katika hali hiyo. Mwaka 1914 alipata nafasi katika shule ya udaktari ya Cornell, mjini New York, na Mary akaingia naye humo kama msaidizi wa maabara. George alidumu Cornell karibu miaka 47.

Simbilisi walifungua njia

Kazi yake ya kwanza pale haikuhusu kansa. Alichunguza simbilisi, wale wanyama wadogo ambao huko Kivu familia nyingi zinawafuga kwa ajili ya nyama. Alihitaji mayai ya simbilisi jike kwa saa yake kamili, wakati yai linapokomaa. Desturi ya watafiti ilikuwa kuwaua wanyama wengi na kubahatisha.

Papanicolaou aliona kwamba wanyama wakubwa wa kike hutokwa damu kwa siku zao, basi huenda na mnyama mdogo ana alama fulani, hata kama haionekani kwa jicho. Alichukua chombo kidogo ambacho madaktari hutumia kufungulia pua, akakifanya cha kuchunguzia uke wa simbilisi. Kila siku alichota majimaji kidogo, akayapaka juu ya kioo chembamba na kuyatazama kwa mikroskopu. Aliona seli zilizobanduka zenyewe kutoka mwilini, na sura yake ilibadilika siku kwa siku kwa mpango uleule. Mwaka 1917 yeye na mkubwa wake, Charles Stockard, walitangaza jambo hilo.

Sasa alitaka kujua kama ni hivyo pia kwa wanawake.

Mwanamke asiyekuwa mgonjwa

Hakuwa na wagonjwa, maana hakuwa daktari wa wodi. Mary alijitolea. Kwa miaka zaidi ya 20 mke huyu alikubali kuchukuliwa majimaji karibu kila siku ili mume wake ajifunze seli za mwanamke mzima zinafanana namna gani katika kila siku ya mwezi. Hakuwa akiumwa, na hakuna aliyemlazimisha. Bila kujua vizuri sura ya seli za mwanamke mwenye afya, hakuna mtu angeweza kutambua zile zilizoharibika.

Mwaka 1925 Papanicolaou aliruhusiwa kupanua uchunguzi wake kwa wanawake wa hospitali moja ya wamama mjini New York. Katika vioo vyao alikuta seli ambazo hakuwahi kuziona kwa Mary: kiini chake kikubwa kupita kiasi, sura imepotoka, rangi imekolea. Wenye seli hizo walikuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Hapo alielewa kwamba kansa inabandua seli zake kama ngozi inavyobandua magamba, na kwamba seli hizo zinaweza kuokotwa bila kisu.

Miaka ambayo hakuna aliyesikiliza

Mwezi wa Januari 1928 alisimama mbele ya mkutano mjini Battle Creek, katika jimbo la Michigan, na kueleza njia yake. Katika miaka hiyohiyo, huko Rumania, daktari Aurel Babeș naye alikuwa amefikia jambo hilo kwa njia yake mwenyewe, bila wawili hawa kujuana.

Waliomsikia Papanicolaou hawakufurahi. Madaktari walikuwa na desturi yao: ukishuku kansa, unakata kipande cha nyama na kukichunguza. Hawakuona faida ya kusumbuka na seli chache juu ya kioo. Walichokosa kuelewa ni hiki: kipande cha nyama hukatwa kwa mtu ambaye tayari ana dalili. Njia ya Papanicolaou ilikuwa na faida kwa yule asiye na dalili yoyote.

Alirudia utafiti wake mwingine, na karibu miaka kumi ilipita. Hatuwezi kuhesabu wanawake waliokufa katika muda huo na ambao kioo kimoja kingewaokoa.

Mwaka 1939, kwa kutiwa moyo na mkubwa mpya katika idara yake, alianza upya. Safari hii alifanya kazi pamoja na Herbert Traut, daktari wa magonjwa ya wanawake. Kila mwanamke aliyelazwa katika idara ya magonjwa ya wanawake ya hospitali yao alichukuliwa kipimo, awe analalamika au halalamiki. Matokeo yalinyamazisha wapinzani: kansa nyingi zilikutwa mahali ambapo jicho la daktari halikuona kitu. Wawili hao walitoa makala mwaka 1941 na kitabu mwaka 1943. Picha za seli katika kitabu hicho zilichorwa na Hashime Murayama, msanii Mjapani aliyekuwa anaishi Amerika, wakati nchi hizo mbili zilikuwa vitani.

Kutoka maabara hadi kwa raia

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Chama cha kupambana na kansa cha Marekani kiliunga mkono kipimo hicho, na watu walikipa jina fupi la mwenyewe: Pap. Kuanzia mwaka 1952, mjini Memphis na eneo lake, wanawake walialikwa kupimwa kwa wingi, na baada ya miaka michache 108,000 walikuwa wamepita. Kati yao walikutwa wengi ambao walijiona wazima kabisa. Katika nchi zilizopanga upimaji wa kila mara, vifo vya kansa hii vilishuka kwa zaidi ya nusu.

Papanicolaou mwenyewe aliendelea na kazi. Hakupenda kuchukua likizo. Mwaka 1950 alipewa tuzo ya Lasker, kati ya tuzo kubwa za udaktari Marekani, lakini tuzo ya Nobel hakuipata. Mwishoni mwa 1961 alihamia Miami ili kuongoza taasisi ya kansa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 19 Februari 1962, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 78. Taasisi hiyo ilipewa jina lake, na Ugiriki iliweka sura yake kwenye noti ya drakma 10,000. Mary aliishi miaka 20 zaidi, akafa mwaka 1982.

Mambo yaliyobaki kwetu

Sababu ya kansa hii yeye hakuijua. Ni Mjerumani Harald zur Hausen aliyeonyesha, katika miaka ya 1980, kwamba inaletwa na virusi vya papiloma, na mwaka 2008 akapata Nobel. Virusi hivi vinapita kwa njia ya ngono, na watu wengi wanaofanya ngono wanavipata wakati fulani. Kuwa navyo si ushahidi wa uasherati wa mama au wa mume wake. Kwa wengi vinaondoka vyenyewe. Kwa wachache vinabaki, na vinaweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuleta kansa. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ni dhaifu, kama yule anayeishi na virusi vya ukimwi bila matibabu, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Miaka hiyo ndiyo nafasi ya kuokoka. Seli zilizoanza kuharibika zikionekana mapema, zinaondolewa kwa baridi kali, kwa joto, au kwa kukata sehemu ndogo, na mara nyingi mama anarudi nyumbani siku ileile.

Kipimo cha Papanicolaou kinahitaji maabara, rangi maalumu na watu waliozoea kusoma vioo. Ndiyo maana hakikuwafikia wanawake wa nchi nyingi za Afrika kama kilivyowafikia wa Ulaya. Leo kuna njia nyingine. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kupaka asidi ya siki kwenye shingo ya kizazi: mahali penye shida panageuka peupe baada ya dakika chache, na jibu linapatikana papo hapo. Kuna pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho mama anaweza kujichukulia majimaji mwenyewe. Na kuna chanjo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajaanza ngono.

OMS imeweka lengo la mwaka 2030: wasichana 90 kwa 100 wawe wamechanjwa wakifika miaka 15, wanawake 70 kwa 100 wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na 90 kwa 100 ya waliokutwa na shida watibiwe. Inashauri kuanza kupimwa kwenye miaka 30, na kwenye miaka 25 kwa anayeishi na virusi vya ukimwi. Hata aliyechanjwa anatakiwa kupimwa.

Mama anayesema kwamba haumwi popote, basi hana sababu ya kupimwa, anasema kile ambacho madaktari wa 1928 walidhani. Walikosea. Mary Papanicolaou alipimwa maelfu ya mara naye hakuwa mgonjwa, na mume wake alikuwa pembeni. Mume anayemsindikiza mke wake kwenye kituo cha afya, akaulizia kipimo hiki kinapatikana wapi na lini, anafanya kazi ileile.