Edmond Locard na Ushahidi wa Vumbi

Edmond Locard alizaliwa mwaka 1877 katika mji wa Saint-Chamond, nchini Ufaransa. Alisomea udaktari katika mji wa Lyon. Mwalimu wake, Alexandre Lacassagne, alikuwa bingwa wa kuchunguza maiti na majeraha kwa ajili ya mahakama. Locard aliipenda kazi hiyo, lakini aliona kwamba udaktari peke yake haumtoshi. Mtu anayetaka kuisaidia mahakama hana budi kuzijua pia sheria. Kwa hiyo alisoma sheria vilevile.

Siku hizo polisi walitegemea zaidi maneno ya mashahidi na kukiri kwa mtuhumiwa. Lakini shahidi aweza kusahau au kusema uongo, na mtu asiye na hatia aweza kukiri kwa sababu ya hofu. Locard alitaka vitu vyenyewe vitoe ushahidi.

Mwaka 1910 alipewa vyumba viwili vya darini katika jengo la mahakama mjini Lyon, pamoja na wasaidizi wawili. Humo alianzisha maabara ya polisi. Vyombo vyake vilikuwa vichache. Kimojawapo kilikuwa hadubini.

Mwanzoni wapelelezi hawakumwamini. Wakati mmoja polisi waliwashuku watu watatu kuwa walitengeneza sarafu bandia, lakini hawakuwa na ushahidi. Locard aliomba nguo za watuhumiwa hao. Alizisugua kwa brashi, akalikusanya vumbi lililoanguka, kisha akalichunguza kwa hadubini. Aliona chembe ndogo za metali. Alipozipima kwa kemikali, aligundua kwamba zilikuwa bati, antimoni na risasi, yaani metali zile zile zilizokuwamo katika sarafu bandia. Watuhumiwa walipoonyeshwa matokeo hayo, walikiri kosa lao. Tangu hapo polisi walianza kuiheshimu maabara yake.

Locard alifundisha kwamba vitu viwili vikigusana, kila kimoja huacha alama au chembe kwa mwenzake. Mtu aingiapo chumbani huacha nyayo, nywele au alama za vidole. Naye huondoka na vumbi la chumba hicho. Hata hivyo, mchunguzi asiye mwangalifu aweza kuisoma alama vibaya, na mtu asiye na hatia akafungwa. Ndiyo maana hana budi kupima kwa makini kabla ya kusema lolote.

Locard alifariki mwaka 1966. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu mbalimbali husoma sayansi ya uchunguzi wa jinai pamoja na elimujinai. Ya kwanza hutafuta jinsi tendo lilivyotendeka. Ya pili hutafuta sababu zinazowafanya watu watende uhalifu, na njia za kuuzuia.

Mazoezi

1. Kwa nini Locard alisoma udaktari na sheria pia?
2. Chembe za metali zilithibitisha nini?
3. Paka unga wa chaki kiganjani, kisha mshike mwenzako mkono. Chunguzeni viganja vyenu. Kila mmoja amepata nini kutoka kwa mwenzake?