Sen no Rikyu: Bingwa wa chai aliyeamriwa kujiua
SEN no Rikyu, mtoto wa mfanyabiashara, alizaliwa mwaka 1522 katika bandari ya Sakai, Japani. Ndiye aliyeipa sherehe ya chai ya nchi hiyo sura inayojulikana hadi leo.

Wakubwa walijivunia vyombo ghali kutoka China. Yeye akapenda bakuli za udongo zilizofinyangwa kwa mkono na chumba cha mikeka miwili tu. Mlango ulikuwa mdogo, hata shujaa wa vita aliacha upanga nje akaingia kwa magoti.

Bwana wake, mtawala Toyotomi Hideyoshi, alikuwa na chumba cha chai cha dhahabu. Mwaka 1591 alimwamuru Rikyu ajiue. Sababu ingali inabishaniwa. Hutajwa zaidi sanamu ya Rikyu iliyowekwa juu ya lango la hekalu la Daitokuji, kiasi kwamba mtawala angepita chini ya miguu yake. Mzee huyo, mwenye umri wa takribani miaka 70, alitii.

Kizazi chake bado kinafundisha chai mjini Kyoto.