ROBERT KOCH NA UGONJWA WA MACHO MEKUNDU

Macho mekundu ni ugonjwa unaojulikana sana katika nchi yetu. Mgonjwa huamka asubuhi kope zake zimegandamana kwa tongotongo. Sehemu nyeupe ya jicho huwa nyekundu, machozi humtoka, na jicho humkera kana kwamba limeingiwa na mchanga. Siku chache baadaye ndugu zake wa nyumba moja nao huanza kuugua.

Je, ugonjwa huu hutokaje katika jicho la mtu mmoja na kuingia katika jicho la mwingine? Zamani watu wa nchi nyingi waliamini kwamba maradhi ya namna hii huletwa na hewa mbaya. Hata leo wapo wanaodhani kwamba mtu huambukizwa kwa kumtazama mgonjwa. Katika somo hili tutasoma maisha ya Robert Koch, daktari aliyesaidia kulijibu swali hilo.

Utoto na masomo

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, nchini Ujerumani. Ulikuwa mji wa wachimba madini, na baba yake alifanya kazi ya kusimamia migodi. Watoto wa nyumba yao walikuwa wengi. Inasemekana kwamba Robert alipotimiza umri wa miaka mitano alikuwa amekwisha kujifunza kusoma mwenyewe kwa kutazama magazeti. Alipenda kukusanya mimea, wadudu na mawe, na kuvichunguza kwa makini.

Alipokua alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Mwaka 1872 alianza kazi ya daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo nchini Poland. Huko hakuwa na maabara. Alikuwa na hadubini aliyopewa zawadi na mke wake, Emmy. Basi alitenga sehemu ya chumba chake kwa pazia, na hapo alifanya uchunguzi wake kila alipomaliza kuwatibu wagonjwa.

Siri ya kimeta

Katika wilaya hiyo ng'ombe, kondoo na hata watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kimeta. Koch alitazama damu ya wanyama waliokufa, akaona ndani yake vijidudu vyenye umbo la vijiti. Lakini kuona tu hakukumtosha. Alitaka kujua kama vijidudu hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa.

Alichukua kijiti safi, akakitia katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, kisha akakiingiza katika ngozi ya panya. Panya akafa, na damu yake ikaonekana na vijidudu vilevile. Panya waliotiwa damu ya mnyama mzima hawakuugua kimeta. Kisha Koch alivikuza vijidudu katika maji yatokayo ndani ya jicho la ng'ombe. Vilipozaliana mara nyingi, mbali na mwili wa mnyama mgonjwa, alivitia tena katika panya. Panya wakaugua kimeta kama wale wa kwanza. Mwaka 1876 alionyesha jambo hilo mbele ya wataalamu, nao wakakubali.

Hivyo Koch alithibitisha jambo kubwa: ugonjwa wa kuambukiza una kijidudu chake maalumu, na kijidudu hicho hupita kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Ndiyo sababu tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Safari ya Misri

Mwaka 1883 ugonjwa wa kipindupindu ulizuka nchini Misri. Koch alipelekwa huko pamoja na wenzake kuuchunguza. Walipokuwa katika mji wa Alexandria aliona watu wengi wanaougua macho. Ingawa alikuwa amekwenda kwa ajili ya kipindupindu, hakulipuuza jambo hilo. Alichukua usaha wa macho ya wagonjwa na kuutazama kwa hadubini. Katika usaha wa baadhi yao aliona bakteria wadogo sana, wenye umbo la vijiti vyembamba.

Mwaka 1886 daktari mwingine, John Weeks wa New York, alifanikiwa kuwakuza bakteria hao. Kwa muda mrefu waliitwa bakteria wa Koch na Weeks. Ni mojawapo ya vijidudu viletavyo macho mekundu.

Kutokana na uchunguzi huo tunaelewa mambo mawili. Kwanza, ugonjwa hukaa katika usaha, tongotongo na machozi ya mgonjwa. Pili, vitu hivyo vikifika katika jicho la mtu mwingine, humwambukiza. Kumtazama mgonjwa hakumdhuru mtu. Kinachoambukiza ni mkono, kitambaa au kitu kingine kilichochafuliwa na majimaji ya jicho lake.

Koch katika Afrika ya Mashariki

Koch alifika pia katika nchi yetu wakati ilipokuwa koloni la Ujerumani. Miaka ya 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na maradhi mengine. Mwaka 1905 alirudi, akachunguza homa inayoletwa na papasi. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 alikwenda katika visiwa vya Sese, nchini Uganda, ndani ya Ziwa Victoria. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa umeua maelfu ya watu kando ya ziwa hilo. Koch aliwatibu wagonjwa kwa dawa iliyoitwa atoksili, ambayo ilikuwa na sumu ya aseniki. Mwanzoni wagonjwa wengi walipata nafuu. Lakini kipimo cha dawa kilipoongezwa, baadhi yao walipofuka, na macho yao hayakuona tena.

Jambo hilo ni la kusikitisha, nasi hatupaswi kulificha. Watu wale walikuja kutafuta uzima, wakapoteza macho kwa dawa ambayo hatari yake haikuwa imejulikana vya kutosha. Yafaa tujifunze kwamba dawa isiyojulikana vema yaweza kudhuru, hata ikitolewa na daktari mashuhuri. Leo ni sharti dawa mpya ijaribiwe kwa uangalifu, na mgonjwa aelezwe hatari zake na kutoa ridhaa yake kwanza.

Robert Koch alifariki dunia tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, nchini Ujerumani.

Mambo yaliyojulikana baadaye

Hadubini ya Koch haikuweza kuonyesha virusi, kwa kuwa virusi ni vidogo kuliko bakteria. Wataalamu waliokuja baadaye waligundua kwamba mara nyingi macho mekundu huletwa na virusi. Virusi hivyo huenea upesi, na huweza kukaa siku kadhaa juu ya vitu kama vile vitasa vya milango. Mwezi Januari 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi juu ya mlipuko wa macho mekundu ulioletwa na virusi. Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wengi.

Macho mekundu ya virusi kwa kawaida hupona yenyewe baada ya wiki moja, mbili au tatu. Dawa zinazoua bakteria haziui virusi. Kwa hiyo mtu asichukue dawa ya macho ya jirani kwa sababu tu jirani alipona. Huenda ugonjwa wake ulikuwa wa namna nyingine, na ncha ya chupa ile huenda imekwisha kugusa jicho lake. Wala haifai kutia jichoni mkojo, maji ya majani ya chai, maziwa ya mama au utomvu wa miti. Kumbuka yaliyowapata wagonjwa wa Sese.

Kujikinga: mfano wa delta ya Rufiji

Tutazame sasa jinsi mafunzo haya yanavyotumika katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Mji wa Kibiti upo kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na kila siku wasafiri wengi hupita hapo. Katika delta ya Mto Rufiji watu husafiri kwa mitumbwi na mashua katikati ya mikoko. Abiria hukaa wamebanana, na wote hushika ubavu wa chombo kwa mikono. Mwezi Aprili 2024 mto ulifurika, na watu wengi wa Rufiji na Kibiti wakahama nyumba zao. Pale watu wengi wanapokaa pamoja na maji safi yakiwa haba, macho mekundu huenea kwa urahisi.

Hata hivyo, njia za kujikinga hazihitaji fedha nyingi:

1. Nawa mikono mara kwa mara kwa maji yanayotiririka na sabuni. Kama hakuna bomba, tengeneza kibuyu chirizi: toboa tundu dogo karibu na kitako cha dumu, lizibe kwa kijiti, na utundike dumu hilo mtini. Maji kidogo yatawatosha watu wengi.

2. Usiguse wala kusugua macho kwa mikono michafu.

3. Kila mtu awe na kitambaa chake cha kufutia uso. Mama asifute nyuso za watoto wote kwa upindo mmoja wa kanga. Watoto wasinawe uso katika beseni moja lenye maji yaleyale.

4. Mgonjwa asafishe tongotongo kwa kitambaa safi na maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Kitambaa hicho kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Baada ya kusafisha, mikono inawiwe tena.

5. Mgonjwa asilale mto mmoja na wenziwe, na asiende shuleni mpaka atakapopata nafuu. Mwalimu apewe habari mapema.

6. Usimcheke wala kumkimbia mgonjwa. Unaweza kuzungumza naye na kumpelekea chakula. Ukimaliza, nawa mikono.

Delta ina sehemu ambazo zahanati iko mbali, na safari hutegemea maji kujaa na kupwa. Lakini zipo dalili ambazo haifai kuzingoja: maumivu makali ya jicho, kuona ukungu, kushindwa kuvumilia mwanga, au usaha mwingi usiokoma. Mtoto mchanga mwenye macho mekundu au usaha apelekwe siku ileile, kwa sababu anaweza kupofuka upesi.

Koch alitumia maisha yake kutafuta njia anayopita kijidudu kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Ajuaye njia hiyo aweza kuifunga. Katika ugonjwa wa macho mekundu, njia hiyo hufungwa kwa maji, sabuni na kitambaa cha mtu mmoja.

Maswali

1. Koch alifanya nini ili kuthibitisha kwamba vijidudu alivyoviona ndivyo vinavyoleta kimeta?
2. Aligundua nini katika macho ya wagonjwa wa Alexandria mwaka 1883?
3. Kwa nini si kweli kwamba kumtazama mgonjwa huambukiza?
4. Ni jambo gani liliwapata baadhi ya wagonjwa wa Sese? Tunajifunza nini kutokana na jambo hilo?
5. Taja dalili tatu za jicho zinazomlazimu mgonjwa kwenda zahanati bila kukawia.
6. Kazi ya kikundi: tengenezeni kibuyu chirizi karibu na darasa lenu. Pimeni maji kabla na baada ya matumizi, kisha mhesabu ni wanafunzi wangapi wanaweza kunawa kwa lita 5 za maji.