Enos Mills: Theluji ilimpofusha mlimani, akarudi kuupigania mlima uwe hifadhi

Kila majira ya baridi, watalii hufika Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, jimboni Colorado, Marekani, wakavaa viatu vipana mfano wa raketi ya tenisi ili wasizame kwenye theluji. Kwao ni matembezi ya wikiendi. Kwa Enos Mills ilikuwa kazi, na nusura imtoe roho.

Mills alizaliwa Kansas mwaka 1870, mtoto wa wakulima, kila siku mgonjwa. Akiwa na miaka 14 tu akaenda Colorado kutafuta afya. Hewa ya milimani ikamkubali. Akajenga kibanda chini ya mlima Longs Peak, wenye mita 4,346, ambao maishani mwake aliupanda karibu mara 300.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, serikali ya jimbo ikampa kazi ambayo wengi wangeikimbia: kupanda milimani katikati ya baridi kupima kina cha theluji. Theluji hiyo ikiyeyuka ndiyo maji ya umwagiliaji kwa wakulima wa chini. Alikwenda peke yake, hana bunduki, chakula mara nyingi ni zabibu kavu tu.

Safari moja akapoteza miwani yake ya giza. Jua likipiga kwenye theluji huunguza macho, si mchezo, na Mills akapofuka akiwa juu kabisa. Akashuka hivyohivyo, fimbo mbele, akipapasa magome ya miti kutafuta alama za shoka zinazoonyesha njia, mpaka akanusa moshi wa kuni. Kumbe kuna nyumba ya watu! Baadaye macho yakapona.

Mtu mwingine angehamia mjini. Yeye aliandika vitabu, na kuanzia 1909 akazunguka nchi nzima akihutubia ili milima hiyo ilindwe, huku wachimba madini, wafugaji na wakata mbao wakipinga. Januari 26, 1915, Rais Woodrow Wilson akasaini sheria. Hifadhi ikazaliwa, ingawa ndogo kuliko aliyoitaka.

Halafu akagombana nayo. Mwaka 1919 kampuni moja tu ilipewa haki ya kusafirisha watalii ndani ya hifadhi, na Mills, aliyekuwa na nyumba ya wageni jirani, akasema huo ni ukiritimba. Wale aliowasaidia kupata hifadhi wakawa mahasimu wake.

Alifariki Septemba 1922, akiwa na miaka 52, ugomvi huo haujaisha.