Masinde Muliro na Vyama Vyake

Wazee wa Mombasa na Kilifi wanapomtaja marehemu Ronald Ngala, aghalabu humsahau mwenziwe wa bara aliyesimama naye katika KADU. Huyo ni marehemu Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili huko Bungoma, mwaka 1922.

Kazi yake ilikuwa ualimu. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, akarejea kufundisha. Mwaka 1957 Waafrika walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, alimshinda W. W. W. Awori, akaiweka chaki chini.

Mwaka 1959 aliongoza Kenya National Party, chama kilichopokea watu wa rangi zote. Hakikudumu. Akaja na KAPP, na mwaka 1960 hicho nacho kikaungana na chama cha Ngala cha Pwani na vinginevyo vya makabila madogo, ikazaliwa KADU. Ngala akawa kiongozi, Muliro naibu wake.

KADU ilidai majimbo, na dai hilo hilo likaleta mzozo nyumbani. Wabukusu wa Muliro waliutaka mji wa Kitale uwe katika jimbo la Magharibi; Wakalenjin, wenzao wa chama kimoja, waliutaka Bonde la Ufa. Naibu kiongozi afanyeje hapo? Akiwatetea watu wake awaudhi wenziwe, akinyamaza aulizwe kwao. Trans Nzoia ikawekwa Bonde la Ufa, na iko huko hadi leo.

Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, wabunge wake wakaingia KANU. Mpinzani wa jana akaja kuwa waziri. Wengi waliovuka namna hiyo walijifunza upesi kwamba chama kikiwa serikali, kura ya waziri si yake tena. Muliro hakujifunza, au hakutaka. Machi 1975 aliuawa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Mwezi Juni taarifa ya kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo ilipigiwa kura. Serikali iliipinga, Waziri Muliro akaiunga mkono. Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, pamoja na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu. Bendera ya gari ikaondoka, naye akabaki na shamba lake Trans Nzoia.

Mwaka 1991, akikaribia miaka 70, alianza upya. Alikuwa mmoja wa sita walioanzisha FORD, pamoja na Oginga Odinga, Martin Shikuku, na Ahmed Bamahriz wetu wa Mombasa. Novemba akatiwa mbaroni kwa ajili ya mkutano wa Kamukunji. Desemba vyama vingi vikaruhusiwa.

Tarehe 14 Agosti 1992 alirejea kutoka London, akaanguka na kufariki uwanjani Nairobi. Kabla ya uchaguzi wa Desemba, FORD ilikuwa imegawanyika: FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Bungoma na Kitale walikwenda na Odinga.