Johann Hinrich Wichern na Watoto wa Hamburg

Sisi wa Bukoba na Muleba twaijua baridi ya mvua ipigwayo na upepo wa ziwa, watoto wakikaa karibu na moto. Lakini huko Ujerumani baridi huja kwa miezi mingi, hata maji hugeuka kuwa magumu kama jiwe. Mtoto asiyetunzwa na wazazi wake katika majira yale maisha yake yamo hatarini.

Wichern alizaliwa mjini Hamburg tarehe 21 Aprili 1808. Mwaka 1823 baba yake alikufa, naye alikuwa na miaka 15, mkubwa wa watoto saba. Ikambidi kufundisha watoto wa watu kwa ujira ili ndugu zake wapate kula. Baadaye alisoma elimu ya dini katika miji ya Göttingen na Berlin.

Aliporudi kwao akawa mwalimu wa Shule ya Jumapili kwa mchungaji Rautenberg, mtaa wa St. Georg. Waalimu walikuwa na desturi ya kuwazuru watoto nyumbani. Basi Wichern akaingia katika vichochoro vya maskini, akaona jamaa nzima wamelala juu ya majani makavu katika chumba kimoja chenye unyevu, baba amekunywa mshahara wote, watoto wametumwa kuomba au kuiba. Akayaandika yote aliyoyaona, nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1833 Karl Sieveking, mkubwa mmoja wa serikali ya mji, akampa nyumba ya zamani huko Horn, nje ya mji, iliyoezekwa majani kama misonge yetu ya kale. Iliitwa Rauhes Haus. Tarehe 31 Oktoba Wichern akahamia humo pamoja na mama yake na umbu lake. Hata mwisho wa mwaka walikuwamo wavulana 12, wa miaka 5 hata 18. Mmoja wao, mwenye miaka 12, alijulikana na polisi kwa wizi wa mara 92.

Watu wengi wangaliwajengea watoto kama hao ukuta na kufuli. Wichern hakufanya hivyo. Kila mtoto alipofika aliambiwa kwamba amesamehewa yote, wala hapana mtu atakayemkumbusha ya nyuma. Nadhani jambo hili lilikuwa gumu kuliko kuchanga fedha: kulala pasipo ukuta, na yule kijana yumo ndani! Watoto walipozidi, wakagawanywa katika nyumba ndogo, watoto kama 12 kwa kila nyumba, pamoja na kijana mmoja aliyeitwa ndugu, wakilima na kufanya kazi za mikono.

Katika majira ya baridi watoto walikuwa wakiuliza kila siku kama Noeli imekaribia. Kwa hiyo mwaka 1839 Wichern akatwaa gurudumu la mbao, akaweka mishumaa minne mikubwa ya Jumapili za Adventi, na midogo ya siku za kazi, ukawashwa mmoja kila siku. Shada la Adventi tulionalo makanisani latoka kwa watoto wale.

Mwaka 1848 alikwenda Silesia ya Juu, penye njaa na homa kali, kuwasaidia yatima. Mwezi Septemba mwaka uleule alisema mbele ya mkutano wa kanisa huko Wittenberg, na makanisa mengi ya Ujerumani yakaanza kazi za huruma kwa maskini wao. Alikufa tarehe 7 Aprili 1881, baada ya kuugua miaka mingi. Kazi ya Rauhes Haus ingaliko Hamburg.